Tumbo la Kuhara: Soma Dalili Kabla ya Kununua Dawa

Malalamiko yanayofika dirishani kwenye duka la dawa hapa Dar es Salaam yanafanana mwaka mzima. "Tumbo linaendesha tangu usiku." "Mtoto anaharisha, nadhani anaota meno." "Nina amiba sugu, nipe dozi ya Flagyl." Karibu kila anayesema hivyo ameshachagua dawa kabla hajaulizwa swali hata moja. Mwongozo huu unayafuata malalamiko hayo: dalili ilivyo, vyanzo vyake kuanzia kinachotokea sana hadi cha nadra, unachoweza kukiangalia mwenyewe nyumbani, na mahali pa kuacha kujitibu ukaenda kituoni.

Kuhara ni kupata choo laini sana au cha maji mara 3 au zaidi ndani ya saa 24. Kwenda haja mara nyingi huku choo kina umbo lake hakuhesabiki. Mtoto mchanga anayenyonya maziwa ya mama pekee hupata choo laini cha njano mara nyingi kwa siku, na hiyo ndiyo kawaida yake. Kwake tazama kilichobadilika: kimekuwa maji kuliko jana, kimeongezeka ghafla, au kina damu.

Swali la kwanza kwa dalili zote zinazofuata liwe hili: maji yaliyotoka mwilini yamerudi? Wengi wanaokufa kwa kuhara hufa kwa kukaukiwa maji na chumvi, tena mapema kuliko maabara inavyoweza kutoa jina la mdudu.

Pima maji ya mwili kwanza

Anza na mkojo. Mtu mzima aliyepitisha saa 8 bila kukojoa, au anayekojoa kidogo na mkojo una rangi ya chai ya rangi, amekaukiwa. Kisha mdomo na ulimi, kama vimekauka. Macho, kama yameingia ndani. Kwa mtoto, tazama kama analia bila machozi na kama utosi umebonyea.

Halafu ngozi. Mlaze mtoto chali, shika ngozi ya tumbo kati ya kitovu na ubavu kwa kidole gumba na cha shahada, ivute juu kidogo, iachie. Ikirudi papo hapo, vizuri. Ikichelewa kurudi, ameanza kukaukiwa. Ikikaa zaidi ya sekunde 2 bado imesimama, hiyo ni dharura. Kwa mtoto aliyekonda sana na kwa mzee kipimo hiki hudanganya, kwa sababu ngozi yao huchelewa kurudi hata wakiwa wazima.

Mama mmoja alikuja na mtoto mgongoni, amemfunga kwa kitenge, anataka Flagyl ya maji. "Mama, amekojoa saa ngapi mara ya mwisho?" Akanyamaza akifikiri. Tangu alfajiri hakuwa ameuona mkojo, na sasa adhuhuri ilikuwa imekaribia. Tulipomshusha yule mtoto alilia, uso mkavu, hakuna chozi, na ngozi ya tumbo ikabaki na mkunjo tulioufinya. Alichohitaji ni dripu, na bajaji ya kumfikisha hospitali muda ule ule.

Acha kila kitu nenda kituoni ukiona mojawapo ya haya:

- mgonjwa amelegea, amepoteza fahamu, au mtoto anashindwa kunywa wala kunyonya
- anatapika kila anachokunywa
- hakojoi, macho yameingia ndani, ngozi hairudi upesi
- choo kina damu, au ni cheusi na kinanata kama lami
- choo ni maji matupu, mengi, yanatoka mfululizo
- homa kali isiyoshuka, au maumivu makali ya tumbo yasiyoachia, tumbo limekuwa gumu
- mgonjwa ni mtoto wa chini ya miezi 6, mjamzito, mzee, au mtu mwenye kisukari, ugonjwa wa figo au kinga iliyoshuka

Kutoka sehemu nyingi za jiji zahanati au kituo cha afya ni karibu, na hospitali za Amana, Temeke na Mwananyamala hupokea wagonjwa usiku na mchana. Ukikwama kujua pa kwenda, namba ya bure ya Wizara ya Afya ni 199.

ORS: inavyokosewa

ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, haikaushi choo. Hili lisemwe wazi, kwa sababu watu huiacha siku ya kwanza wakisema haijasaidia. Kazi yake ni kurudisha maji na chumvi wakati utumbo unapona wenyewe. Sukari na chumvi zikiwa kwa kipimo sahihi utumbo huzinyonya pamoja, na maji hufuata. Njia hiyo hubaki wazi hata kwa mgonjwa wa kipindupindu. Kwa hiyo mtu anayeweza kunywa, na hajakaukiwa sana, mara nyingi hahitaji dripu, hata kama dripu ndiyo inayoonekana matibabu ya maana.

Soma pakiti. Nyingi ni za kuchanganya na lita 1, zipo za ujazo mdogo zaidi. Chupa mbili za maji za mililita 500 zinakupa lita 1. Usichukue chupa ya lita moja na nusu ukaijaza yote kwa pakiti moja, na usigawe unga nusu kwa glasi ukikisia kwa macho: ukiwa mwepesi hausaidii, ukiwa mzito unazidisha chumvi. Usiongeze sukari, usichanganye na soda wala juisi. Kilichochanganywa kitumike ndani ya saa 24, kinachobaki kimwagwe.

Kila baada ya kuhara, mtoto wa chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100, wa miaka 2 hadi 10 apewe mililita 100 hadi 200, na mkubwa anywe kadiri anavyotaka. Akitapika, subiri dakika 10, kisha mrudishie kwa kijiko, kidogo kidogo, kila dakika mbili tatu. Kinachowashinda wazazi wengi ni subira ya hicho kijiko.

Duka likiwa mbali na usiku umeingia, tumia lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vimesawazishwa juu. Onja: isizidi chumvi ya machozi. Uji mwepesi uliotiwa chumvi kidogo unafaa, supu pia. Madafu ni mazuri kuongezea, lakini yana chumvi kidogo mno kuchukua nafasi ya ORS. Soda na juisi za boksi ziache, sukari yake nyingi huvuta maji kuyaingiza utumboni na kuhara kukazidi.

"Tumbo limeanza ghafla, choo ni maji, hakuna damu"

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote. Chanzo cha kwanza ni virusi, hasa norovirusi kwa wakubwa na rotavirusi kwa watoto. Kinachofuata ni bakteria wanaoingia kwa maji na chakula, wakiongozwa na aina za E. coli zinazotoa sumu utumboni. Halafu chakula kilichokwisha kuharibika. Mwisho dawa na mitishamba, ambayo nimeitengea sehemu yake huko chini. Virusi huisha vyenyewe kwa siku chache, na hakuna antibiotiki wala Flagyl inayovigusa.

Njia rahisi ya kukisia chanzo ni kuhesabu saa tangu ule mlo unaoushuku.

Ndani ya saa 1 hadi 6, hasa ikiwa kutapika kumezidi kuhara, mara nyingi ni sumu iliyokuwa tayari ndani ya chakula. Wali uliopikwa jioni ukalala kwenye sufuria hadi asubuhi ni mfano wa kila siku: bakteria huzaliana usiku kucha kwenye joto letu, na sumu ya kutapisha wanayoiacha haifi kwa kupasha kiporo, hata kikitoa moshi. Kati ya saa 6 na 24, maumivu ya tumbo na kuhara bila homa, fikiria nyama au pilau ya shughuli iliyopikwa kwa sufuria kubwa ikakaa vuguvugu kwa muda mrefu. Hapo utasikia na wageni wengine wanalalamika. Siku 1 hadi 3 ni norovirusi, E. coli, na bakteria wengine wawili, salmonela na Shigella. Likianza wiki moja au mbili baadaye, giadia, kimelea cha utumboni, anaingia kwenye orodha. Watu wengi hulaumu walichokula saa ile ile, ilhali mkosaji anaweza kuwa mlo wa juzi.

Kwenye kibanda cha chipsi, tazama mkono wa muuzaji. Anapokea noti, anarudisha chenji, kisha kwa vidole vilevile anachota kachumbari na kuimwaga pembeni ya sahani iliyosuuzwa kwenye ndoo ambayo maji yake yameshabadilika rangi. Chipsi zenyewe zimetoka kwenye mafuta yanayochemka, hazina neno. Ila ile kachumbari, na pilipili iliyoongezewa maji ya bomba ili ifike jioni, hazikupita motoni. Kama tumbo lako linakusumbua kila baada ya kula nje, anza kwa kuondoa vitu hivyo viwili na barafu ya kwenye juisi, kabla hujaacha kula kwa mama ntilie, maana chakula cha moto kinachopakuliwa kutoka jikoni ndicho salama zaidi mjini.

Cha kufanya: ORS, endelea kula kama kawaida, pumzika. Hakuna sababu ya kufunga. Dawa za kuzuia kuhara kama loperamidi mtu mzima anaweza kuzitumia kwa safari isiyoepukika, ikiwa hana homa wala damu. Mtoto asipewe kabisa. Kukiwa na homa au damu, kuufunga utumbo ni kumfungia mdudu ndani. Usipoona nafuu siku ya tatu, nenda kituoni.

"Ni maji tu yanatoka, kama maji ya kuoshea mchele"

Kipindupindu. Usisubiri kuhakikisha. Maji meupe yenye punjepunje, yanatoka bila maumivu makubwa ya tumbo, mengi kiasi kwamba ndoo inajaa, pamoja na kutapika na misuli ya miguu kukakamaa. Mtu mzima mwenye afya anaweza kufa ndani ya saa chache tangu kuanza.

Mlipuko wa Agosti 2015 ulianzia hapa hapa, Kinondoni, kabla ya kusambaa mikoa mingi na kufika Zanzibar. Mvua za masika na vuli ndizo nyakati za kujihadhari zaidi, maana visima vifupi huingiliwa na maji ya juu, mabonde kama Jangwani hufurika, na wapo wanaosubiri mvua kubwa watapishe vyoo. Anayetapisha choo chake kwenye mvua anampelekea jirani wa bondeni kipindupindu, na hilo lisemwe mtaani bila kuoneana haya.

Mpe mgonjwa ORS njiani, bila kusimama, huku mnampeleka. Kituoni atapewa dripu, na daktari ataamua antibiotiki. Dawa si mbadala wa maji hata hapa. Matapishi na choo vimwagiwe dawa ya klorini, anayemhudumia anawe kwa sabuni kila mara, na viongozi wa mtaa wapewe taarifa siku hiyo hiyo. Ukificha kwa aibu, wa pili kuugua atakuwa mtu wa nyumba yako.

"Mtoto anaharisha"

Kwa watoto wa chini ya miaka 5 rotavirusi ilikuwa kinara kwa miaka mingi. Chanjo yake ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2013, ya matone ya mdomoni, dozi ya kwanza wiki ya 6. Kama kadi ya kliniki ya mtoto haionyeshi chanjo hiyo, ulizia, maana ina umri wa kuanzia na umri ambao ukipita haitolewi tena. Baada ya rotavirusi wanakuja Shigella, E. coli na kimelea kiitwacho kriptosporidia. Kisha kuna sababu zilizo nje ya utumbo: malaria, maambukizi ya sikio, nimonia na mkojo mchafu, vyote vinaweza kumharisha mtoto mdogo. Ndiyo maana mtoto mwenye homa na kuhara apimwe malaria, asipewe dawa ya tumbo kwa kukisia.

Angalia chupa ya kunyonyea. Chuchu ya plastiki ina kona ambazo brashi haifiki, na maziwa yakikaa humo kwa saa mbili kwenye joto la Dar ni chakula cha bakteria. Kikombe na kijiko vinaoshwa kirahisi zaidi. Angalia pia uji uliopikwa asubuhi ukawekwa mezani ili anywe hadi mchana.

Sasa meno. Kuota meno hakuleti kuhara kwa maji. Mtoto wa miezi 6 hadi 12 anaota meno katika kipindi kile kile anapoanza kutambaa, kuokota vitu na kuanza vyakula vya ziada, kwa hiyo mambo mawili hukutana bila kuzaana. Kibaya zaidi ni "meno ya plastiki". Yale mavimbe meupe kwenye fizi ni chipukizi za meno ya mtoto mwenyewe. Kuyachokonoa au kuyang'oa kwa kifaa chenye kutu kunamletea damu, maambukizi, pepopunda na pengine kifo, huku kuhara kwake kukiendelea bila kutibiwa. Nimewasikia bibi na mashangazi wakilishikilia jambo hili kwa mapenzi ya dhati kwa mjukuu. Waambieni kwa heshima, lakini mtoto asipelekwe huko.

Mtoto anayehara apewe ORS na vidonge vya zinki: miligramu 20 kila siku kwa siku 10 hadi 14, na miligramu 10 akiwa chini ya miezi 6. Kidonge huyeyushwa kwenye kijiko cha maji au maziwa ya mama. Kimalizwe hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu, kwa kuwa zinki hupunguza uwezekano wa kuhara tena miezi inayofuata. Endelea kumnyonyesha, tena mara nyingi zaidi. Akipona, mwongezee mlo mmoja kwa siku kwa wiki mbili ili arudishe uzito.

Mtoto mchanga anayelia kwa vipindi, anakunja miguu tumboni, anatapika, kisha anatoa choo cha damu iliyochanganyika na ute kama jeli: huo unaweza kuwa utumbo umeingiana, yaani sehemu moja imeingia ndani ya nyingine. Ni upasuaji au utaratibu wa hospitali kubwa. Muhimbili ikibidi, usiku huo huo.

"Nahara damu"

Hakikisha kwanza ni damu. Bitiruti hugeuza choo kuwa chekundu. Vidonge vya madini ya chuma, wanavyopewa wajawazito, hukifanya cheusi. Choo cheusi kinachong'aa, kinachonata na chenye harufu mbaya isiyo ya kawaida ni damu kutoka tumboni juu, mara nyingi vidonda vya tumbo, hasa kwa anayekunywa diklofenaki au aspirini kila siku kwa ajili ya mgongo. Hiyo ni dharura.

Damu mbichi inayodondoka pembeni ya choo kigumu mara nyingi ni bawasiri. Damu na kamasi zilizochanganyika na choo laini, pamoja na homa, tumbo kusokota na kuhisi haja hata baada ya kumaliza, ni kuhara damu kwenyewe, na chanzo kikuu ni Shigella. Kampilobakta na salmonela hufuata. Amiba yuko nyuma yao, tofauti na wengi wanavyoamini. Kuhara damu kwa amiba huanza polepole, kwa siku au wiki, na mara nyingi bila homa kali.

Shigella anahitaji antibiotiki, lakini si yoyote. Bakteria huyu amezoea kuzishinda dawa za zamani, na dozi nusu za "sipro" zinazonunuliwa kwa vidonge viwili vitatu ndizo zinazomfundisha. Daktari aandike, mgonjwa amalize. Mtu wa zaidi ya miaka 45 anayetoa damu na kubadilika kwa choo kwa wiki kadhaa, na kukonda, asikubali kuambiwa bawasiri bila kuangaliwa ndani. Saratani ya utumbo mpana hujificha humo.

"Nina homa, tumbo, wamesema ni taifodi"

Hapa ndipo pesa nyingi za watu wa Dar zinapotea. Mtu ana homa na tumbo linauma, anapimwa kwa kipimo cha Widal, anaambiwa ana taifodi, anameza dawa. Baada ya miezi miwili anapimwa tena, bado "ipo". Widal hutafuta kinga mwilini, haitafuti bakteria mwenyewe. Kinga hiyo hubaki muda mrefu baada ya kupona, na vimelea vingine vinaweza kuileta. Kipimo kimoja cha Widal hakithibitishi taifodi. Kinachothibitisha ni kuotesha damu maabara, yaani kuitunza hadi bakteria aliyemo akue aonekane, kabla antibiotiki hazijaanza.

Taifodi yenyewe huleta homa inayopanda taratibu kwa siku nyingi, kichwa, uchovu, na kwa wakubwa wengi choo kigumu mwanzoni kuliko kuhara. Homa ya ghafla na kuhara, pima malaria kwa kipimo cha haraka kwanza. Ni tone la damu kidoleni na majibu dakika 15 hadi 20. Ukiambiwa taifodi kwa Widal peke yake, muulize daktari kwa adabu: "Dokta, tunaweza kuotesha damu?" Swali hilo halimvunjii mtu heshima.

"Linakuja na kuondoka, wiki sasa, amiba sugu"

Kuhara kulikopita siku 14 kunabadilisha orodha yote. Giadia yuko juu: choo chenye harufu mbaya, kinaelea, gesi nyingi, tumbo kujaa, kuchoka, bila damu. Anatibika kwa Flagyl au tinidazoli, na hapo dawa inastahili, baada ya kipimo. Kinachofuata ni utumbo uliochubuka baada ya maambukizi, ukashindwa maziwa kwa muda. Acha maziwa ya ng'ombe kwa wiki moja au mbili uone. Mtindi huvumiliwa zaidi. Hii ni kwa wakubwa, mtoto anayenyonya asiachishwe.

Halafu kuna utumbo wenye hisia kali: tumbo linauma, unakwenda haja, linatulia, hali hii miezi kwa miezi, huku uzito haupungui, hakuna damu, na usiku unalala. Wengi wanaojiita wagonjwa wa amiba sugu wako hapa. Chini ya hadubini kuna amiba asiye na madhara anayefanana kabisa na yule mbaya, kwa hiyo jibu la "amiba ipo" kwa mtu asiyehara damu halimaanishi kwamba ndiye anayemsumbua. Dozi ya nne ya Flagyl mwaka huo huo haitabadilisha kitu zaidi ya kumwachia ladha ya chuma mdomoni na kichefuchefu.

Zingine ni za nadra kidogo ila nzito. Kuhara kwa muda mrefu na kukonda ni sababu ya kupima VVU, bila woga, kwani dawa zipo na hutolewa bure. Kifua kikuu cha utumbo, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, na kisukari pia hujitokeza hivi. Unaamka usiku kuhara, unakonda, una homa za jioni, au una damu: hayo si ya utumbo wenye hisia kali, mtafute daktari wiki hii.

"Lilianza nilipoanza dawa"

Antibiotiki yoyote inaweza kuharisha. Kuhara kidogo huisha dozi ikiisha. Kukiwa kwa nguvu, na homa au damu, hata wiki kadhaa baada ya dozi, rudi kwa aliyekuandikia. Metifomini ya kisukari huharisha mwanzoni, na kuimeza pamoja na chakula husaidia. Dawa za kiungulia zenye magnesia huharisha. Sanamaki na mafuta ya nyonyo, yanayouzwa kama dawa za kusafisha tumbo, ni dawa za kuharisha kwa kazi yake. Anayezitumia kila wiki kisha akalalamika tumbo halitulii ameshajibu swali lake. Mwenye presha anayemeza vidonge vya kukojosha, akihara sana awaulize wataalamu kabla ya kumeza dozi inayofuata.

"Nyumba nzima tunahara, kila mwezi"

Hapo mgonjwa ni maji. Fuata njia yake kutoka yalikotoka hadi kwenye kikombe.

Maji ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, yakikatika bomba hubaki tupu, na bomba tupu lenye ufa hunyonya uchafu wa ardhini. Yakirudi, yale ya mwanzo yaache yatiririke, usiyajaze kwenye dumu la kunywa. Maji ya boza, uliza yamechotwa wapi. Kisima kifupi kilicho karibu na choo cha shimo hakifai kunywewa bila kutibu hata maji yakiwa meupe pe. Kisha panda juu ukatazame simtanki: kifuniko kipo? Chini kuna tope? Mara ya mwisho kuoshwa ni lini? Malizia na dumu la ndani na kata ya kuchotea. Maji yaliyochemshwa vizuri yakachotwa kwa kikombe kilichotumbukizwa na mkono mzima yamerudi yalikokuwa.

Chemsha hadi yatokote kabisa kwa dakika 1, au tumia vidonge vya klorini kama WaterGuard kwa kipimo kilichoandikwa, usubiri dakika 30. Maji yenye matope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa, kwa kuwa matope humaliza nguvu ya klorini. Hifadhi kwenye ndoo yenye bomba na mfuniko. Ukifanya hivyo kwa wiki tatu na nyumba bado inahara, chunguza mikono ya anayepika, na mpeleke apimwe choo.

Ukienda kupima

Choo kikusanywe kwenye chombo kikavu kutoka maabara, kisichanganyike na mkojo wala maji ya chooni, na chagua sehemu yenye kamasi au damu. Kifike mezani ndani ya saa 1, hasa kama anatafutwa amiba, maana akishapoa hatembei na hatambuliki. Sampuli ya jana usiku iliyolala kwenye friji haifai kwa hilo. Kwa kuhara kwa muda mrefu, sampuli tatu za siku tofauti zinampata giadia zaidi kuliko moja, kwa sababu hatoki kila siku.

Mweleze daktari tarehe ilipoanza, mara ngapi kwa siku, rangi, damu, homa, uzito, ulichokula siku tatu za nyuma, unakopata maji, na nani mwingine anaumwa nyumbani au kazini. Beba maboksi ya kila ulichomeza, mitishamba ikiwemo. Kama umeshaanza antibiotiki sema kabla hawajachukua sampuli, kwani kuotesha baada ya dozi kuanza mara nyingi hakutoi kitu, na majibu safi yanaweza kumpoteza daktari.